Mota Inapozunguka Bure

Maji yanayonywewa Handeni hupandishwa kilima. Mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970, huyateka kwenye mto Pangani wilayani Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi kwenye wilaya iliyozoea ukame. Mota ikiungua bondeni, madumu hupanga foleni mjini.

Kwa miongo mingi mlinzi wa mota kama hizo amekuwa rilei ya joto. Ndani yake mna vibamba vya metali mbili ambavyo hupinda umeme ukizidi, kisha hukata saketi. Ni kifaa cha bei nafuu na kinachoaminika, ila kinaona upande mmoja tu: mota iliyoelemewa. Mota iliyokosa kazi kinaiacha izunguke.

Na hapo ndipo hasara ilipojificha. Kina cha mto kikishuka, au chujio likizibwa na takataka, pampu huvuta hewa. Mota yenyewe hupata nafuu, lakini sili za pampu, ambazo hupozwa na maji yaleyale zinayoyazuia, hukauka na kuharibika upesi. Amita nayo hudanganya: hata bila mzigo, mota huendelea kula robo hadi nusu ya ampea zake za kawaida kwa ajili ya kujitengenezea sumaku tu.

Draivu ya kubadili kasi, kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye mota, hutenganisha sumaku na kazi. Hupima umeme unaotengeneza sumaku na ule unaozungusha kweli, ikajua kila sekunde mota inabeba nini. Kikomo cha mzigo ambacho chini yake draivu huizima mota hakiwezi kuwa namba moja, kwa kuwa pampu ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu. Kikomo kisichobadilika kingezima pampu isiyo na hitilafu kila inapopunguzwa mwendo usiku, na fundi aliyechoka kuamshwa angeufuta ulinzi wote. Kwa hiyo draivu hupewa mstari unaofuata kasi, pamoja na sekunde kadhaa za subira.

Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe shida hugeuka. Zao hilo, lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani; kilichobaki ni maji na makapi ambayo korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, lazima iyaponde. Fungu nene la majani likiingia kwa pupa, mota huelemewa ghafla. Draivu za kazi nzito kwa kawaida huvumilia asilimia 150 ya umeme kwa dakika moja, na muda huo unatosha kuamuru meza ya kulishia majani ipunguze mwendo. Mkanda ukikatika, mzigo huporomoka mara moja, na draivu hiyohiyo husimamisha mota.

Tatizo ni kwamba katika aina nyingi ulinzi wa mzigo pungufu hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Hilo ni la kuangaliwa kwenye mitambo mipya ya maji: mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilisaini mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, Handeni na Korogwe zikiwamo. Popote draivu inapofungwa, fundi anahitaji kuiendesha pampu ikiwa nzima, maji yakiwa tele, kwa kasi tatu au nne, aandike mzigo wa kila kasi, kisha aweke kikomo chini kidogo ya namba hizo.