Kuridhika na Somo Si Kulielewa

Janga la UVIKO-19 lilipofunga milango ya vyuo mwaka 2020, mihadhara katika nchi nyingi ilihamia mtandaoni, na sehemu yake imebaki huko. Mwisho wa muhula mwanafunzi hupewa dodoso: je, umeridhika na somo? Swali hilo ni jema, ila halipimi kiasi alichojifunza.

Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti uliofanyika katika madarasa ya fizikia. Wanafunzi waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri waliona wamejifunza zaidi kuliko wale waliotakiwa kutafuta majibu wenyewe kwa vikundi. Jaribio lilionyesha kinyume chake. Ugumu wa kufikiri ulidhaniwa kuwa dalili ya kutoelewa, kumbe ndio uliokuwa ukiwafundisha.

Mtandaoni hatari hiyo huongezeka, kwa kuwa video husonga mbele hata mtazamaji akiwa mbali kimawazo. Mwaka 2013, Karl Szpunar, Novall Khan na Daniel Schacter, nao wa Harvard, waligawa mhadhara wa takwimu uliorekodiwa katika sehemu nne. Waliopewa jaribio fupi baada ya kila sehemu hawakupotewa na mawazo sana kama wenzao, waliandika maelezo mengi zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho. Hata hofu yao ya mtihani huo ilipungua.

Kwa vyuo vya tiba, jambo hili linagusa uhai. Mwanafunzi aweza kutazama mara kumi video ya kumhudumia mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, akaridhika. Lakini kifua hicho hutakiwa kubonyezwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mikono isiyowahi kufanya mazoezi juu ya sanamu haiujui uzito wa kazi hiyo.

Kuridhika kusipuuzwe, kwani anayekatikiwa na sauti, kuishiwa bando au kukosa wa kumjibu huvunjika moyo. Dodoso liendelee kutolewa, ila lisomwe sambamba na matokeo ya majaribio. Mwalimu agawe video katika vipande vifupi na kuuliza maswali baada ya kila kimoja; mwanafunzi naye asimame, ajieleze somo kwa maneno yake, ndipo aendelee. Mgonjwa atakayemkuta wodini hatamuuliza kama aliridhika.