Ukimya wa Msimulizi katika Filamu ya Flora M'mbugu-Schelling

Makala haya yanamjadili Flora M'mbugu-Schelling, mwongozaji wa filamu wa Kitanzania, kwa kuichunguza filamu yake ya mwaka 1992, These Hands, yaani "Mikono Hii", yenye urefu wa dakika 45. Miaka mitano kabla yake alikwisha kutoa Kumekucha, iliyohusu pia wanawake. Hoja yetu ni kwamba These Hands ni filamu ya majaribio, na jaribio lake kuu ni kumwondoa msimulizi.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani bila kurejea historia. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, jirani na Upare, ukatengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri. Mkulima alionekana, ila aliyesema alikuwa mwingine. Jaribio lile, kwa kweli, lilikuwa juu ya watazamaji.

Katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, M'mbugu-Schelling anawaonesha wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa mikono hadi yawe kokoto. Hakuna anayetueleza lolote. Nyundo hupiga jiwe, kisha hupiga tena, na muda wa filamu hupimwa kwa kazi yenyewe. Mtazamaji aliyezoea kuelezwa huchoka; kwa maoni yangu, uchovu huo ni sehemu ya maana ya filamu.

Kisha wanawake wanaimba na kucheza. Hapa mtafiti aliyekulia Ngujini, kama mimi, hudanganyika kwa urahisi. Wimbo wa kazi humkumbusha msaragambo, ambapo majirani hukusanyika kusafisha mfereji, na maji yakifika ni ya wote. Katika rasimu ya kwanza niliuita wimbo wa Kunduchi "furaha ya ushirika". Nilikosea: kokoto zile ni bidhaa, nazo huenda kujenga nyumba za wengine.

Hata hivyo, ukimya una gharama. Bila msimulizi, safari iliyowafikisha wanawake hawa machimboni inabaki nje ya picha, na jina la filamu lenyewe ni la Kiingereza.