Rimu Tatu Zilizong'arishwa na Moja Iliyokataliwa

Askari ni mtu wa kung'arisha. Tangu siku ya kwanza tulipopokelewa katika chuo cha maofisa kadeti tulifundishwa kwamba kiatu kilichofifia ni dalili ya mtu mzembe, na mafundisho hayo yangali yametukaa mwilini hata leo. Kwa hiyo tulipowasili Nchelenge, Alhamisi moja jioni, hatukuona ajabu mwenzetu, koplo ambaye kazi yake ni udereva, alipotamka kwamba hatoingia katika harusi ya mdogo wake kwa gari lenye magurudumu yaliyochubuka. Harusi ilikuwa Jumamosi, na gari hilo ndilo lililokusudiwa kumchukua bibi arusi.

Tulikuwa likizoni. Tulivuka mpaka Tunduma, tukapita Nakonde, Kasama na Mansa, kisha tukaelekea kaskazini kulifuata bonde la Mto Luapula hadi Ziwa Mweru. Msomaji wa pwani huenda akashangaa kusikia kwamba huko nako kuna Kilwa: Kisiwa cha Kilwa kimo ziwani upande wa Zambia, na mji uitwao Kilwa uko ng'ambo, katika ufuko wa Kongo. Hewa yote ya Kashikishi ina harufu ya chisense, vile visamaki vidogo mfano wa dagaa, ambavyo akina mama huvianika juani.

Gari lenyewe ni Toyota ndogo iliyotumika Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam kama maelfu ya wenzake. Rimu zake ni zile za alumini ambazo vijana huziita spoti. Si jambo jipya duniani. Bugatti wa Ufaransa alizifunga katika magari yake ya mashindano huko Lyon mwaka 1924. Sifa yake ni wepesi, kwa maana alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma. Kasoro yake ni kwamba hazina subira. Rimu ya chuma ikigonga jiwe hujikunja, na fundi huinyoosha kwa nyundo. Rimu ya alumini iliyomiminwa hujikunja kidogo tu, kisha hupasuka. Za mwenzetu zilikuwa zimekwaruzwa na kingo za barabara za mijini, na moja, ya mbele kushoto, ilikuwa imeingia shimoni kwa kishindo tulipoukaribia mji wa Mansa. Tangu hapo kila asubuhi tuliikuta imepungua upepo. Tukailaumu valvu.

Fundi tuliyeelekezwa ni mzee aliyejifunza kazi upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga. Tulimwamkia kwa Kibemba kile kidogo tulichojaliwa, "Mwapoleni mukwai," akacheka, akatujibu kwa Kiswahili. Karakana yake ni mwembe mmoja, turubai moja na pampu ya upepo.

"Mzee wetu," koplo akasema, "tunataka zing'ae kufikia Jumamosi."

Mzee hakugusa rangi. Alifungua valvu, akauacha upepo wote utoke, ndipo akaikwanyua tairi kutoka katika ukingo wa rimu. Hapa tunawakumbusha wenzetu wa vikosi vya usafirishaji: katika rimu za malori zenye vipande viwili, kuilegeza hata nati moja ya kuunganisha vipande hivyo kabla upepo haujatoka wote ni kuchezea mauti.

Baadaye aliziosha rimu zote nne kwa sabuni, mbele na nyuma, hata ule unga mweusi wa breki ukatoka. Ndipo akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alipaka mafuta ya taa upande wa ndani wa kila rimu, akaacha kwa muda, akafuta mpaka pakawa pakavu, kisha akasaga chaki ya shule na kuipaka juu kama poda ya mtoto. Akaketi kunywa chai. Rimu tatu zilibaki nyeupe. Katika ile ya nne, pale ambapo mkono mmoja wa rimu huungana na duara la nje, uliibuka mstari mwembamba uliolowa, mrefu kama kidole gumba. Yalikuwa mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa, nayo chaki ikayanyonya.

"Hii siipake," akasema mzee. "Hii imekufa."

Tunakiri hapa kwamba hatukuwa upande wake. Koplo alimsihi aichomelee, nasi tukamsaidia kusihi, tukataja bibi arusi, tukataja na umbali tuliotoka. Mzee alituuliza kama tumewahi kuona panga lililoanguka motoni. Likitoka linafanana na panga, lakini halikati tena. Ndivyo ilivyo. Rimu ya namna hii aghalabu humiminwa kwa alumini yenye silikoni asilimia 7 hivi na magnesi kidogo, ikapashwa moto wa nyuzi zipatazo 540 za Selsiasi, ikazamishwa majini, kisha ikapashwa tena moto wa chini kwa saa kadhaa. Nguvu yake imo katika mpango huo wa moto na maji. Mwenye kuichomelea kwenye mkono wake huuvunja mpango huo mahali palepale panapobeba mzigo, na hana tanuri la kuurudisha. Ufa utafunikwa, rangi itapakwa, nalo gurudumu litapendeza mpaka kona ya kwanza yenye mwendo.

Basi akashughulikia zile tatu. Makovu ya pembeni aliyasugua kwa msasa namba 120 hadi kingo kali zikalainika. Palipochimbika alijaza gundi ya sehemu mbili yenye unga wa alumini, akaacha ikauke usiku kucha. Ijumaa alisugua tena, namba 240, kisha 400 kwa maji. Tairi aliyaacha mahali pake, ila alichomeka karata chakavu kuzunguka rimu yote, baina ya chuma na mpira, ili rangi isidondokee tairi. Tuliona kopa na shupaza zimepangwa kama gwaride.

Matundu ya nati aliyaziba kwa karatasi, na uso wa nyuma unaokaa juu ya habu akauacha mtupu. Tulipoona hivyo tulinyamaza, kwa sababu tuna kumbukumbu. Miaka michache iliyopita gereji moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, ilitupakia rangi nene mpaka ndani ya viti vya nati. Rangi ile ilisagika kwa mtikisiko, nati zikalegea, nasi tukaokolewa na mlio tu wa gurudumu likicheza. Nati hukaza chuma kwa chuma. Rangi ikiingia katikati, unachokaza ni rangi.

Alipulizia Jumamosi alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka kubeba vumbi. Rangi ya msingi ya kushika alumini, kisha ya fedha mara tatu, nyembamba nyembamba, kisha vanishi. Zilipendeza kupita tulivyostahili.

Mahali pa ile ya nne alifunga gurudumu la akiba, jeusi, la chuma. Akakaza nati kwa kuvukana kama nyota, si kwa kuzunguka, akatuagiza tuzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nyutoni mita 103. Mzee hana spana ya kipimo, nasi tulikuwa nayo, tukampa. Kuikanyaga spana kwa mguu, kama tufanyavyo wengi, huvuta bolti mpaka zikachoka.

Wenzetu wa usalama barabarani tunawaomba jambo moja. Mkisimamisha gari lenye rimu zinazomeremeta, inameni muangalie upande wa ndani, kwani huko ndiko mafundi wengi hawafiki na ndiko nyufa nyingi huanzia. Na dereva akisema gurudumu lake hupungua upepo kila asubuhi ilhali hakuna msumari, msiharakishe kumlaumu mwenye valvu.

Rimu iliyokataliwa koplo hakutaka kuiacha. Mzee akaiweka juu ya jiwe, akampa nyundo kubwa, akamwambia apige. Mapigo mawili yalitosha. Pale ilipokatika tulitazama sote: sehemu ndogo ilikuwa inang'aa kama sukari, imevunjika sasa hivi, sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu na chafu, imevunjika tangu Mansa au kabla yake. Tulikuwa tumeiendesha hivyo mpaka ziwani.

Koplo hakusema neno. Vipande aliviuza kwa mtu anayeyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria, na fedha zile akanunua chisense. Bibi arusi alipanda saa nane mchana, kwa mlango wa upande wa kulia, na gurudumu jeusi halikuonekana pichani.