KUMNGOJA BWANA: FUNDISHO KUTOKA KATUMBA NA MISHAMO

Mara nyingi sisi wahubiri tunapowatembelea wenye dhiki huwaambia wavumilie na kumngoja Bwana. Neno hilo ni kweli. Lakini lisipofafanuliwa laweza kuwa mzigo juu ya mzigo. Katika makala hii twakusudia kueleza kungoja huko ni nini, kwa kulitazama Neno la Mungu pamoja na historia ya watu waliongoja miaka mingi huko Mpanda, katika Mkoa wa leo wa Katavi.

1. Watu waliongoja

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, wakakimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi ndani ya misitu ya miombo. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, yote katika Wilaya ya Mpanda ya wakati huo. TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa katika kazi hiyo. Wakimbizi walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajenga makanisa.

Mwaka 2007 waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Wapatao asilimia 80 waliomba uraia. Kufikia mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, Tabora, walikubaliwa. Hata hivyo hawakupewa vyeti, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Mpango huo uliachwa baadaye, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Tangu mwaka 1972 ilikuwa imepita miaka 42.

2. Makosa mawili

Yeremia 28 na 29 yatuonya juu ya makosa mawili. La kwanza ni la Hanania, aliyewaahidi watu kwamba nira ya Babeli ingevunjwa katika miaka miwili. Ahadi yake ilipendeza, lakini Mungu hakumtuma. Yatupasa tusimtajie mwenye dhiki tarehe ambayo Mungu hakuitaja.

Kosa la pili ni kukaa bure. Yeremia aliwaandikia wahamishwa kwamba muda wao ni miaka 70. Basi wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea amani mji wa ugeni wao. Huku ndiko kungoja kwa kibiblia: jembe li mkononi na sala i kinywani.

3. Uvumilivu na msalaba

Neno la Kiyunani *hupomone*, lililotafsiriwa saburi katika Warumi 5:3-4, lina maana ya kubaki chini ya mzigo bila kukimbia. Je, kubaki huko ni kunyamaza? La hasha! Katika Zaburi 13 mwenye kuomba amwuliza Mungu mara nne mateso yake yataendelea mpaka lini. Mjane wa Luka 18 hakuacha kumwendea kadhi. Kwa hiyo mtu adaiye cheti chake kwa haki hajapungukiwa imani.

Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba.  Basi Mungu hayuko mbali na ateswaye.

4. Hitimisho

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Lakini wako wazee waliozikwa Katumba na Mishamo kabla ya mwaka 2014, wasiionje mbivu hiyo. Je, walingoja bure? Waebrania 11:13 yataja watu waliokufa katika imani bila kuzipokea ahadi, wakiwa wameziona kwa mbali. Tumaini letu halisimami juu ya tunda, bali juu yake Yeye aliyefufuka. Basi, ndugu watumishi, tuwaendeapo wenye dhiki tusiende na neno la subira peke yake. Tukae nao, tulime nao, tulie nao, na tuwasemee penye haki yao.