Ringi Inapocheza

Mara nyingi sauti hutangulia. Mpira wa breki unagusa ringi mara moja kila mzunguko, na mwenye baiskeli akiinama kutazama, analiona gurudumu likiyumba kushoto na kulia. Wengi hukokota baiskeli hadi kwa fundi. Lakini kama ringi haikupigwa na shimo ikapinda chuma chenyewe, kazi hii hufanyika uani kwa spana ndogo ya spoku.

Ni rahisi kudhani kwamba habu inategemea spoku za chini zilizosimama kama nguzo. Waya mwembamba wa milimita 2 ungejikunja mara moja. Spoku hufanya kazi kwa kuvuta: zote hukazwa tangu gurudumu linapoundwa, na mzigo unapoingia, zile za chini hulegea kidogo. Gurudumu la namna hii Eugène Meyer wa Paris alilipatia hataza mwaka 1869. Miaka mitano baadaye James Starley wa Coventry, Uingereza, akazipanga spoku zikingamane. Kwa kuwa za chini hulegea, kila mzunguko kila spoku hulegea na kukaza tena. Iliyolegea tangu mwanzo ndiyo huteseka zaidi, na mwishowe hukatika kwenye kiwiko chake pale habuni. Waundaji wa baiskeli nyeusi za Kiingereza walilijua hilo: mbele waliweka spoku 32, nyuma kwenye keria wakaweka 40.

Kabla ya kugusa spana, shika ringi na uitikise kwa pembeni. Ikichezacheza kwenye ekseli, tatizo ni goroli na koni, na kunyoosha spoku hakutasaidia kitu. Nati za spoku zenye kutu zipewe tone la oili, zilale nalo usiku kucha.

Kisha pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Mipira ya breki za pembeni inatosha kuwa kipimo. Breki za vyuma hubana ringi kutoka ndani, kwa hiyo funga kijiti kwenye foku, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Zungusha polepole, na pale inapogusa weka alama ya chaki.

Tuseme ringi imeenda kulia. Spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu ndizo zinazoivuta kushoto, basi hizo hukazwa, na za kulia zilizo jirani hulegezwa kwa kiasi hicho hicho. Robo mzunguko tu! Mzunguko mmoja kamili wa nati husogeza spoku kwa chini ya nusu milimita, na ringi huitikia haraka kuliko mtu anavyotarajia. Mahali pa kupotea ni mwelekeo: ukitazama nati kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata saa, ukiitazama kutoka habuni, ni kinyume. Fanya kazi juu ya gurudumu lililopinduliwa, hapo hutachanganyikiwa.

Wanaoharibu magurudumu ni wale wanaokaza tu, hawalegezi. Kila wanapoona kasoro huongeza, mpaka siku moja ringi inajikunja yote kwa ghafla na hapo dawa ni ringi mpya. Masikio husaidia kuepuka hilo. Gonga spoku za upande mmoja kwa kucha, moja baada ya nyingine. Inayotoa sauti nzito imelegea. Usilinganishe pande mbili za gurudumu la nyuma la baiskeli yenye gia, kwa sababu spoku za upande wa cheni hukazwa zaidi kwa makusudi.

Myumbo ukibaki chini ya milimita 1, inatosha kwa baiskeli ya kazi. Mwisho fungua tairi utazame ndani ya ringi: ncha ya spoku iliyotokeza juu ya nati ipigwe tupa, vinginevyo itatoboa tyubu kabla hujafika sokoni.