Nani Kaandika Kwenye Rejista ya Kompyuta Yako? (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba rejista ni daftari ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake: programu gani ziwake mashine inapowashwa, faili gani zionekane, nani ana ruhusa ya nini. Leo tuone namna ya kumkamata anayeandika humo bila idhini.

Katika mtaa wa Kadutu, kwenye duka moja la kupiga chapa na fotokopi, nilimkuta mwanafunzi wa kike amekuja kuchapisha kazi yake ya mwisho wa masomo. Alipochomeka flashi (kle), mafolda yote yakaonekana kama vifaili vidogo vya njia ya mkato.

"Dada, kle yako iko na virusi," kijana wa duka akamwambia.

"Kwangu ilifunguka muzuri, kaka. Ni hii mashini yenu."

Dada alikuwa na haki. Tulipojaribu kufungua rejista kwa amri ya regedit, kompyuta ilikataa ikidai kwamba msimamizi ameizuia. Msimamizi ni kijana yuleyule, na hakuwa amezuia kitu. Virusi vilikuwa vimeandika tarakimu 1 kwenye kipengele kiitwacho DisableRegistryTools, na nyingine kwenye DisableTaskMgr, ili hata orodha ya programu zinazoendeshwa isifunguke. Mwizi alikuwa ameingia, akafunga mlango kwa ndani.

Mahali anapopapenda zaidi ni ufunguo uitwao Run. Jina la programu likishaandikwa hapo, programu hiyo huamka kila mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Unaweza kufuta virusi asubuhi, umeme ukikatika na kurudi, vikawa vimekwisha kuamka tena kutoka nakala nyingine.

Miaka ya 2000 zilikuwepo programu za ulinzi, kama TeaTimer ya Spybot, zilizokaa macho kwenye funguo hizo na kuuliza kila badiliko: kubali au kataa? Ni kinga nzuri, lakini inamtegemea anayejibu. Mwenye foleni ya wateja mlangoni hubonyeza "kubali" bila kusoma, na mimi simlaumu, kwa sababu swali lenyewe huandikwa kwa lugha ya mafundi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 mfumo wenyewe huuliza kabla ya programu kugusa sehemu ya rejista inayohusu mashine nzima. Hata hivyo, katika maduka kadhaa nimekuta onyo hilo limezimwa kwa kuwa "linasumbua".

Ndiyo maana naona kuzuia ni bora kuliko kuulizwa. Kazi ya kila siku ifanyike kwenye akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Akaunti hiyo haiwezi kuandika kwenye sehemu ya mashine nzima, wala kwenye vipengele vile viwili vilivyomfungia kijana wetu. Inabaki Run ya mtumiaji mwenyewe, ambayo bado iko wazi, na hapo ndipo uangalizi unapohitajika. Programu ya Autoruns, itolewayo bure na Microsoft, huonyesha kila kinachojiwasha. Haihitaji kusakinishwa wala intaneti ikishapakuliwa. Hifadhi orodha yake siku mashine ikiwa safi, kisha kila Jumamosi ilinganishe na ya siku hiyo. Jina geni litajitokeza lenyewe.

Msidhani masasisho yametuokoa. Mwezi Februari 2011 Microsoft iliwazimia watumiaji wa XP na Vista tabia ya flashi kujiendesha yenyewe. Virusi vya njia ya mkato havikujali, kwani vinangoja mtu abonyeze mwenyewe.

Kazi ya yule dada haikupotea. Sura zote zilikuwa ndani ya flashi, zimefichwa tu. Namna ya kuzitoa tutaiona wiki ijayo. Kwenu wenye maduka ya Kadutu, Ibanda na Bagira: fungueni akaunti ya kawaida wiki hii, na nenosiri la msimamizi abaki nalo mtu mmoja.