Je, Wajua? Theluji ya Lesotho
Ewe msomaji wa Kenyenya, uliyezoea kuiona mvua ya mawe ikitandaza weupe juu ya majani ya chai kisha ikayeyuka kabla ya magharibi, je, wajua ya kuwa Afrika nayo ina mahali pa kutelezea thelujini? Ni Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, Ulaya ikiwa katika joto. Theluji ya mbinguni ikiadimika, mitambo hurusha matone ya maji usiku wa baridi kali, nayo huganda hewani, ajabu kweli! Viatu na mbao za kutelezea hukodishwa papo hapo. Mwenye kutaka kuhifadhi fedha zake na aende katikati ya juma. Loti, sarafu ya Lesotho, ina thamani sawasawa na randi ya Afrika Kusini, na randi hupokelewa huko.